Visanamu vya kauri usivyovijua kwenye mauzo ya vitu vya nyumba, Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanakuja kila nyumba ya zamani ikifunguliwa na vitu vikatolewa barazani kuuzwa, iwe Raskazone, Chumbageni au Ngamiani kwenye barabara za namba. Mtu anaona bibi wa kauri kashika maputo, mbwa wawili weupe wanatazamana, mtoto kabeba kikapu, na hajui kashika mali au kashika pambo la dukani tu. Mimi jibu langu linaanzia palepale siku zote: angalia kwanza kazi ya fundi, jina la kiwanda baadae. Muhuri unaigwa kirahisi mno, lakini mkono wa fundi mzuri kuuiga ni shughuli.

Hivi visanamu vya Wazungu vimefikaje Tanga?

Kwa bandari yetu, na si kwa safari moja. Reli ya kupanda Usambara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, enzi ya Mjerumani, na ni miaka hiyohiyo mkonge uliingia nchini, alafu mkonge ukavuta mameneja wa Kiingereza, Wagiriki wenye mashamba, wafanyabiashara wa Kihindi, na wengi wao sebuleni walikua na kabati la vioo limejaa vitu hivi. Baadae mashamba yakataifishwa, 1971 yakafuata majumba, familia nyingi zikaondoka na vitu vikabaki kwa mpishi, kwa jirani, kwa mpangaji mpya. Juu ya hapo ongeza makontena ya mtumba ya sikuizi, ongeza na ndugu zetu wanaorudi kutoka Ulaya na Uarabuni na zawadi.

Kwahiyo meza moja inaweza kuwa na kisanamu cha miaka ya 1930 kimekaa bega kwa bega na kilichotoka kiwandani juzi. Muuzaji akikwambia "hii nyumba ilikua ya Mjerumani" hajakwambia chochote kuhusu kisanamu, amekwambia kuhusu nyumba. Msikilize kwa adabu, ila macho yako yabaki kwenye kitu.

Nikifika naanzia wapi? Naona vitu vingi nachanganyikiwa.

Unaanzia na salamu. Kama ni nyumba ya msiba toa pole kwanza, kaa kidogo, ndio uombe ruhusa ya kutazama. Usiingie unachambua vitu vya marehemu kama uko gulioni.

Alafu pita mbele ya meza mara moja bila kushika kitu, utazame sura na mikao tu. Visanamu vizuri huwa vinajitenga vyenyewe, utakuta macho yanarudi kwa kimoja. Ukishachagua, kishike kwa kiwiliwili kwa mikono miwili, usikiinue kwa kichwa wala mkono wala mkia, mana hapo ndipo palipounganishwa na kama kuna gundi ya zamani itaachia mkononi mwako na utakua umeshanunua. Kigeuze kitako juu, lakini chini chini karibu na meza, ili kikiponyoka kisifike mbali.

Nitajuaje ni kauri ya kweli, udongo wa kawaida, rezini au jipsam?

Hili ndio swali muhimu kuliko yote hapa, na halihitaji mashine.

Kiguse shavuni. Kauri na udongo uliochomwa ni baridi hata kwa joto letu la Tanga, rezini, ambayo ni aina ya plastiki ya kumimina, haina ubaridi huo, inakua vuguvugu. Kibebe: rezini mara nyingi ni nyepesi kuliko inavyoonekana, au imetiwa uzito chini na kubandikwa kitambaa kitakoni ili usione ndani. Ukiona kitambaa cha kijani au chekundu kimefunika kitako chote, jiulize kinaficha nini. Rezini pia ina viputo vidogo vidogo vya hewa kwenye mikunjo, vinaonekana vizuri kwa lensi ya sonara. Jipsam ndio rahisi zaidi, kwaruza kidogo kwa ukucha sehemu ya chini isiyopakwa rangi, inatoa unga mweupe.

Ukishatoa hizo mbili unabaki na vitu vya tanuri. Angalia kitakoni pale ambapo glezi, ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo, haikufika, maana pale ndipo udongo uko uchi. Kauri ngumu ilichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 na zaidi, kwahiyo mwili wake umekua mweupe, umeshikana, hauna vinyweleo. Weka tone la maji: kwenye kauri linakaa juu, kwenye udongo laini linanyweka na doa linabaki. Ukigonga kwa ukucha ukiwa umekiweka kiganjani, kauri nzima inalia "ting" na sauti inakawia, yenye ufa inajibu "tok". Ila sauti usiitegemee peke yake, kisanamu kinene au chenye maua mengi hakilii hata kikiwa kizima.

Bone china, ile ya Waingereza, ina majivu ya mifupa ya ng'ombe ndani yake, inafika hata nusu ya udongo. Ukiweka tochi ya simu upande wa pili sehemu nyembamba kama ukingo wa gauni au bawa la ndege, mwanga unapita. Kauri ngumu nayo inapitisha mwanga, udongo wa kawaida haupitishi kabisa.

Na udongo wa kawaida sio tusi. Kuna visanamu vya udongo laini vinatafutwa na watu kuliko kauri nyingi. Unachofanya hapa ni kujua umeshika nini ili usilipie kauri ukapewa rezini.

Unasema niangalie kazi ya fundi. Naangalia nini hasa?

Anza na vidole. Fundi aliyejali anatenganisha vidole, kila kimoja na kiungo chake, aliyelipua anaacha kiganja kizima kama koleo. Nenda machoni. Jicho lililochorwa kwa brashi lina mstari unaoanza mnene ukaishia mwembamba, na jicho la kushoto halifanani kabisa na la kulia kwa sababu mkono wa mtu haurudii. Ukiweka lensi ukaona vidoti vidoti vidogo vimepangana, hiyo ni picha ya kubandika kutoka mashine, si brashi. Mara nyingi gauni lina maua ya kubandika na uso umechorwa kwa mkono, hilo ni kawaida wala sio kasoro, ila bei isiwe ya kazi yote ya mkono.

Alafu tafuta uwazi. Kati ya mkono na kiuno kuna nafasi? Chini ya ukingo wa kofia? Katikati ya miguu ya farasi? Kisanamu hakitoki kwenye kalibu moja kikiwa na nafasi zote hizo. Kichwa, mikono, miguu vinamiminwa mbalimbali alafu mtu anaviunga kwa uji wa udongo kabla ya kuchoma, na kadri vipande vinavyokua vingi ndivyo kazi na gharama zilivyokua kubwa. Kisanamu cha bei rahisi kimebana, mikono imelala kwenye mwili, kila kitu kimoja. Tafuta pia mstari wa kalibu ubavuni: uliosafishwa hauonekani, ulioachwa unaukuta kwa kidole.

Mwisho kigeuze mgongo. Aliyepaka rangi na mgongo pia alikua analipwa vizuri au alipenda kazi yake. Ila kuna mlango wa nyuma hapa: vile vya Staffordshire Uingereza vya karne ya 19, mgongo ni bapa na haujachorwa kitu, kwa sababu vilitengenezwa vikae juu ya meko vimeegemea ukuta. Kwa vya namna hiyo mgongo mtupu ni sawasawa kabisa.

Mimi mtu akiniambia ana dakika mbili tu mbele ya meza, namwambia atumie zote hapa, vidole macho na uwazi, muhuri aupige picha akausome nyumbani.

Chini kumeandikwa nchi. Inanisaidia kujua umri?

Inasaidia sana, labda kuliko nembo. Marekani mwaka 1891 ilianza kulazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, kwahiyo neno "England" au "Germany" peke yake mara nyingi ni la baada ya hapo, na "Made in England" kwa kawaida ni karne ya 20. Japani waliandika "Nippon" mpaka 1921, kisha ikawa "Japan". "Made in Occupied Japan" ni kipindi kifupi cha baada ya vita, wakati Marekani imeikalia Japani mpaka 1952. "West Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949 wala baada ya 1990. Kwahiyo muuzaji akisema hiki kiliachwa na Mjerumani kabla ya vita ya 1914 na chini kuna "West Germany", we mshukuru, weka chini taratibu.

Kumbuka lakini kwamba maandishi yanakupa mwaka ambao kitu hakiwezi kuutangulia. Hayakuhakikishii kwamba ni cha zamani, kwa sababu neno la zamani lolote linaweza kuandikwa leo.

Nembo zipi nizijue kwa kichwa?

Chache zinatosha, na kila moja na onyo lake.

Panga mbili za bluu zilizopishana ni Meissen ya Ujerumani, kiwanda kilichoanza 1710, cha kwanza Ulaya kutengeneza kauri ngumu. Ni kati ya nembo zilizoigwa zaidi duniani. Panga za kweli zimechorwa chini ya glezi, ukipitisha ukucha husikii kitu, na kama kuna mikato imekatiza panga maana yake kiwanda chenyewe kilikiona kina kasoro. Hapa ndipo utaelewa kwanini nasisitiza mkono wa fundi, kwa sababu Meissen ya kweli yenye vidole vya koleo haipo.

Herufi N yenye taji watu wanaiita Capodimonte. Kiwanda cha mfalme kule Napoli kilichokua na jina hilo kilidumu 1743 mpaka 1759 tu, na hiyo N na taji ilikuja baadae na ikatumiwa na viwanda chungu nzima. Vikapu vya maua na wazee wa kwenye benchi unavyoviona sikuizi ni vya karne ya 20, vingine kazi yake ni nzuri kweli, vingine ni rezini.

Royal Doulton ya Uingereza ina simba juu ya taji, na namba inayoanza na HN, mfumo ulioanza 1913. Hiyo namba ni zawadi, ukiitafuta kwenye simu unapata jina la kisanamu na miaka kilipotengenezwa. Yule bibi wa maputo niliyemtaja juu ni HN1315, alitoka 1929 na akaendelea kutengenezwa miongo na miongo, ndio maana yupo kila mahali.

Goebel wa Ujerumani walitoa visanamu vya watoto vya Hummel kuanzia 1935, kutokana na michoro ya mtawa wa Kikatoliki Maria Innocentia Hummel. Tafuta saini "M.I. Hummel" imechimbwa kwenye udongo, na vya zamani vina nyuki ndani ya V. Lladró wa Hispania, walioanza 1953 karibu na Valencia, utawajua kwa rangi za kijivu na bluu zilizopoa na miili mirefu myembamba, na nembo ya "Nao" ni ndugu yake wa bei ya chini. Mawimbi matatu ya bluu ni Royal Copenhagen ya Denmark, iliyoanza 1775.

Vya Kichina vyenye herufi sita chini zinazotaja mfalme: Wachina wenyewe kwa karne nyingi waliandika majina ya wafalme waliopita kwa kuwaheshimu, kwahiyo jina la mfalme si tarehe. Rudi kwenye kitako na kazi.

Hakina muhuri kabisa. Nikiache?

Usikiache kwa sababu hiyo. Vya Staffordshire vingi havikuwahi kupigwa muhuri, na vingine vilikua na karatasi ya kubandika ikadondoka. Namba iliyochimbwa kwenye udongo kwa kawaida ni ya kalibu, iliyoandikwa kwa brashi mara nyingi ni ya mchoraji, na hizo mbili pamoja zinaonyesha kiwanda chenye utaratibu.

Wale mbwa weupe wa jozi niwazungumzie kidogo kwa sababu wanaigwa mno. Wa zamani walibonyezwa kwa mkono ndani ya kalibu, kwahiyo kitako kimefungwa au kina kitundu kidogo tu cha kutolea hewa, wa kuiga wamemiminwa na chini wana tundu kubwa. Dhahabu ya mnyororo wa zamani imepoa na imelika pale vidole vilipopita, ya sikuizi inang'aa kila mahali sawasawa. Na mikwaruzo ya kitakoni ya kweli haina mpangilio, imekwenda kila upande, iliyosuguliwa na msasa imelala upande mmoja.

Nyufa ndogo ndogo kwenye glezi si ndio ushahidi wa uzee?

Hapana. Glezi na udongo vikipoa kwa viwango tofauti, au udongo ukinyonya unyevu ukavimba, glezi inapasuka nyavunyavu. Inaweza kutokea baada ya miaka hamsini au kitu kikiwa bado tanurini. Na kuna wanaochovya kwenye chai nzito ili nyufa ziwe kahawia. Ukiona ukahawia umeenea sawa mwili mzima, mpaka mahali ambapo vumbi na mikono havifiki, shuku.

Nitagunduaje kama kimeungwa gundi?

Pitisha ncha ya kidole polepole shingoni, vifundoni, kwenye vidole, mkia, masikio, petali za maua. Hapo ndipo panapovunjika. Rangi ya fundi wa kukarabati haina ubaridi wa glezi, inashika kidole kidogo. Alafu chukua ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti madukani, jifunike kanga kichwani wewe na kisanamu pawe giza, mulika. Sehemu iliyojazwa au kupakwa upya kwa kawaida inawaka tofauti na mwili mwingine, doa linajitokeza lenyewe. Tochi hii ni bei ndogo na inaokoa hela kuliko kitabu chochote.

Kilichoungwa sio haramu kununua, mimi nakipenda tu kisanamu kizuri hata kikiwa na mkono uliorudishwa. Kinunue kwa bei yake, na ukikiuza mwambie mnunuzi.

Naweza kukiosha?

Maji vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini ya rangi, taulo chini ya beseni. Jiki hapana, steelwire hapana, mana dhahabu na rangi nyingi zimekaa juu ya glezi na zinatoka. Cha udongo laini chenye nyufa usikiloweke kabisa, kifute tu, kwa sababu kinanyonya. Na sisi wa pwani upepo una chumvi, kiweke ndani ya kabati la kioo, si dirishani.

Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha kwenye simu, si inatosha?

Inasaidia kupata jina. Haioni gundi, haisikii sauti, na inakuletea cha kuiga kwa sababu vya kuiga ndio vingi mtandaoni.

Bei nitaijuaje?

Tofautisha bei anayoitaka mtu na bei iliyolipwa. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuona vilivyokwisha kuuzwa, hiyo ndio uisome, hizo nyingine ni matumaini ya wauzaji. Na ujue kwamba Hummel na mabibi wengi wa Royal Doulton wameshuka sana bei kulinganisha na zamani, kwa sababu waliovikusanya Ulaya na Marekani wamezeeka au wamefariki, watoto wao hawavitaki, na vyote vinatoka makabatini kwa mpigo. Hapa Tanga wanunuzi ni wachache, na kusafirisha nje kunakula faida. Nunua kile ambacho hata kisipouzika utafurahi kukitazama.

Lakini kuna upande wa pili wa bei ambao hauulizwi. Kama mjane anakuuzia kwa elfu tano kitu ambacho wewe umeshakijua kinafika laki kadhaa, mwambie. Mpe bei ya haki na ubaki na faida yako ya kawaida. Tunaishi mji mmoja, kesho mko wote kwenye harusi ileile, na mali ya mayatima ina wenyewe.

Nani ana haki ya kuuza vitu vya marehemu?

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Uliza kwa upole, "samahani shangazi, msimamizi ni nani?" na kama mahakama bado haijamteua, subiri. Mjomba mmoja akikuuzia pembeni huku wenzake hawajui, utarudishwa na kitu mkononi hela imeshaliwa. Andikishaneni karatasi, jina, tarehe, kitu gani, shahidi mmoja.

Mimi Muislamu, sanamu nyumbani inafaa?

Hilo muulize sheikh wako kabla ya kununua, na uulize kununua kwa kuuza pia. Wapo wanaochagua kukaa na sahani, mabakuli na birika tu, na wana urithi mkubwa nyuma yao, mana nyumba za Waswahili zilipamba zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa kauri tangu zamani.

Na vile vipande vya kauri vya Tongoni?

Usiguse. Makaburi ya Tongoni, yale magofu ya kale kusini mwa mji wa Tanga, yalipambwa na vyombo vilivyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, na vingi vimeshang'olewa mpaka yamebaki matundu. Malikale zinalindwa na sheria ya mwaka 1964. Mtu akikuletea kipande akasema kimetoka magofuni, usinunue hata kwa lengo la kukiokoa, ukinunua unamtuma akang'oe kingine. Toa taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale, au kwa wale wa makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani pale mjini.

Nimenunua, nakisafirishaje kwenda Dar?

Usikizungushie gazeti moja kwa moja, wino unaingia kwenye kitako kisicho na glezi. Karatasi nyeupe kwanza, jaza nafasi zote za kati ya mikono na mwili kwa pamba au kitambaa laini, ndio uzungushe kanga, alafu boksi, alafu boksi la pili kubwa zaidi lenye vipande vya godoro pande zote sita. Kwenye basi likae mapajani kwako, usikubali liende buti hata kondakta akikuapia.